Kinyago Chema cha Noh Hupimwa Kikitembea

Ukikitundika kinyago cha Noh ukutani na kukitazama kwa mbele tu, umekosa sehemu kubwa ya uzuri wake. Vinyago hivi vya Japani vilichongwa vivaliwe na mwigizaji anayetembea taratibu jukwaani, akigeuza kichwa kidogo kidogo, mbele ya watazamaji walioketi mbele na ubavuni. Kwa hiyo anayetaka kujua kizuri ni kipi na hafifu ni kipi ajiulize swali moja kabla ya mengine yote: kikisogezwa, uso huu unabadilika? Usiobadilika, hata ungekuwa umechongwa kwa ustadi gani, ni pambo la sebuleni.

Tamthilia ya Noh ilipata sura yake katika karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15, mikononi mwa Kan'ami na mwanawe Zeami. Mwigizaji mkuu, yaani shite, huvaa kinyago akiwa mwanamke, mzee, mzimu, mungu au jini. Akiigiza mwanamume wa makamo aliye hai, hutoka na uso wake mtupu, naye hutakiwa autulize pasipo kukunja wala kucheka. Adabu hiyo ya kujizuia ndiyo inayotawala uchongaji pia.

Anza na mikono yako

Kinyago hushikwa pembeni, karibu na masikio, palipotobolewa matundu ya kamba. Usiguse mashavu wala paji la uso, maana mafuta ya vidole huharibu rangi. Kabla ya kukivaa, mwigizaji huketi katika chumba chenye kioo kilichoko nyuma ya pazia, akakiinamia kinyago kwa heshima. Nawe kishike kwa adabu hiyo.

Utakiona kidogo, urefu wake kama sentimita 21, nacho hakiufuniki uso mzima: kidevu cha mwigizaji hubaki nje. Hiyo si kasoro. Matundu ya macho nayo ni finyu mno, hata mwigizaji hutegemea nguzo za jukwaa kujua amefika wapi. Usimlaumu mchongaji kwa hilo. Tundu likipanuliwa, mtazamo wa kinyago hupotea.

Inamisha, kisha inua

Kinyanyue hadi usawa wa macho yako, mkono umenyooka, mwanga ukitoka juu. Kiinamishe kidogo sana. Wajapani huita tendo hili kumorasu, kutia wingu. Kivuli kitashuka chini ya nyusi, kope zitaonekana nzito, na uso utaingiwa na huzuni au tafakuri. Sasa kiinue kidogo: hiyo ni terasu, kutia nuru. Mwanga utashika mashavu na midomo itaelekea kutabasamu.

Katika kinyago chema, safari hiyo kutoka huzuni hadi furaha haina mruko wowote. Siri yake ni kwamba mchongaji hakumaliza hisia hata moja. Aliuacha mdomo kati ya kufumba na kusema, akaupa ukingo wa kope unene wa kutosha kushika kivuli, na shavu akalipinda kiasi cha kupokea mwanga bila kuvimba. Katika kinyago hafifu tabasamu limeganda: kiinamishe, kiinue, bado kinacheka vilevile. Kisha kigeuze kulia na kushoto. Pande mbili za uso hazilingani, nazo zimeachwa hivyo kwa makusudi, ili mwigizaji anapogeuka mtazamaji aone hali nyingine. Uso uliolingana sawasawa pande zote huchosha mapema.

Soma uso wa koomote

Koomote ni msichana, mdogo kuliko wanawake wote wa Noh, na ndiye mwalimu bora kwa anayeanza. Anza juu. Nywele zimegawanywa katikati, na kila upande zinashuka nyuzi tatu nyembamba zisizopishana. Nyuzi hizo ni alama yake. Vinyago vya wanawake wakubwa zaidi huchorwa nywele zilizolegea au kukatizana, kwa kuwa maisha yamewapitia. Nyusi halisi hazipo. Mahali pake, juu kabisa kwenye paji, pana vivuli viwili vya wino, kama mabibi wa ikulu ya kale walivyojipamba. Meno ya juu ni meusi, urembo wa mabibi haohao. Tundu la jicho ni la mraba, na mraba huo ndio unaompa msichana macho maangavu.

Sasa tazama kazi ya brashi. Kila unywele uwe umevutwa kwa mkono usiositasita, uanze mwembamba na kuishia mwembamba. Ukiona wino umevimba katikati au umerudiwa, mchoraji alisita.

Usimpime msichana wa shule moja kwa kipimo cha shule nyingine. Shule za waigizaji wakuu ni tano: Kanze, Hosho, Konparu, Kongo na Kita. Kanze hupenda wakaonna, mwanamke kijana aliyekomaa kidogo. Kongo humuenzi magojiro, kinyago ambacho kwa masimulizi kilichongwa na mwigizaji aliyetaka kuihifadhi sura ya marehemu mkewe.

Hannya na mizani ya ghadhabu

Hannya ndiye anayejulikana zaidi duniani, na ndiye anayeharibiwa zaidi na wachongaji wa bidhaa za watalii. Pembe mbili, mdomo uliopasuka, meno ya dhahabu: wengi huishia hapo, wakapata shetani. Lakini hannya ni mwanamke aliyeumizwa na mapenzi hadi wivu ukamgeuza. Jaribu hivi: ziba mdomo wake kwa karatasi, utazame macho na paji peke yake. Nyusi zilizokunjamana na macho yaliyozama yakuoneshe mtu anayelia. Kisha ziba nusu ya juu, uone ghadhabu ya taya. Hannya asiye na majonzi juu hafai, hata pembe zake zingekuwa kali vipi.

Rangi nayo ina maana. Hannya mweupe ni wa Bibi Rokujo katika tamthilia ya Aoi no Ue, mwanamke wa ukoo bora ambaye heshima haijamtoka hata katika hasira. Mwekundu ni wa mwanamke wa tamthilia ya Dojoji, mwenye ghadhabu iwakayo zaidi. Dhahabu machoni hueleza kuwa aliyevaa ametoka katika hali ya kibinadamu. Kinyago cha deigan, mwanamke mtulivu asiye na pembe, hutiwa dhahabu kidogo tu kwenye macho, nayo inatosha kumtisha anayejua.

Mti, ngozi na mgongo

Mti wa vinyago hivi ni hinoki, wa jamii ya saipresi, na unaosifiwa sana hutoka Kiso, katikati ya Japani. Ni mwepesi na nyuzi zake zimenyooka. Juu yake hupakwa unga wa makombe ya chaza, gofuni, uliochanganywa na gundi ya wanyama, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisuguliwa. Ngozi njema ina kina na haimetimeti. Inayong'aa hurudisha mwanga na kuua kivuli.

Geuza uone mgongo. Mapigo ya patasi yawe na mpangilio, na kingo zisikwaruze uso wa mvaaji. Huenda ukakuta muhuri wa ukoo wa wachongaji uliochomwa kwa chuma cha moto. Usiutegemee peke yake.

Wala mikwaruzo isikudanganye kuhusu umri. Tangu zamani wachongaji hunakili vinyago vya mabingwa kwa vipimo vya karatasi, na wengine huiga hata rangi iliyobanduka. Kunakili ni njia halali ya kurithi ufundi huu, na nakala yenye uhai inashinda kinyago cha kwanza kilichochongwa bila moyo. Koomote wa mchongaji Tatsuemon waitwao Theluji, Mwezi na Ua, ambao inasimuliwa walimilikiwa na mtawala Toyotomi Hideyoshi, wamekuwa mfano wa kunakiliwa kizazi baada ya kizazi. Ua yuko Mitsui Memorial Museum, Tokyo.

Huko kinyago kiko nyuma ya kioo, hutaweza kukiinamisha. Basi sogea wewe. Kunja magoti ukitazame kutoka chini, ndipo utaona uso wa terasu. Simama wima, panda ncha za vidole, utaona wa kumorasu. Pita mbele yake kutoka kushoto hadi kulia, urudi. Anayefanya hivyo mbele ya vinyago kumi ataanza kuona kipi kina uhai na kipi hakina, kabla hajasoma kibao cha maelezo.