Mapipa Mangapi? Suali Lisilotosha



Kila mafuta yanapomwagika baharini, suali la mwanzo huwa lile lile: mapipa mangapi? La pili: ndege wangapi wamekufa? Magazeti yakishapata tarakimu hizo mbili huipanga misiba kwa ukubwa, kama mtu anavyopanga magunia ghalani, na siye wasomaji tunaridhika. Mimi nasema kipimo hichi ni kibovu, na kwa pwani zenye mikoko na vinamasi vya chumvi ni kibovu zaidi. Hasara haijulikani kwa kiasi kilichotoka melini. Inajulikana kwa kiasi kilichoingia matopeni, kwa muda kilichokaa humo, na kwa jambo moja ambalo watathmini wengi hulikumbuka baada ya kuchelewa: je, yupo aliyejua matope yale yalikuwaje kabla?

Tuanze kwa jirani zetu wa hapa Ghuba. Januari 1991, wakati wa vita vya Kuwait, mafuta ghafi yaliachiliwa baharini kutoka gati la Sea Island na kutoka kwenye meli. Makadirio yanatofautiana mno, kuanzia mapipa milioni 4 hadi milioni 11. Hebu fikirini: tafauti ya makadirio peke yake ni mapipa milioni 7, mengi kuliko mafuta yote ambayo serikali ya Marekani ilikadiria kuwa yalitoka kwenye kisima cha Deepwater Horizon mwaka 2010, yaani milioni 4.9. Sasa kama suali la "mapipa mangapi" lenyewe lina shimo kubwa namna hiyo, tunajengaje hukumu juu yake?

Upepo na mkondo uliyapeleka mafuta yale kusini, yakaupaka mwambao wa Saudia kiasi cha kilomita 700, kutoka upande wa Khafji mpaka kisiwa cha Abu Ali, ambacho umbo lake kama ndoana liliyazuia yasiteremke zaidi. Pwani za mchanga na majabali, zinazopigwa na mawimbi, zilianza kupata nafuu baada ya miaka michache. Vinamasi vya ndani ya hori, palipotulia, havikupata. Kwa nini? Kwa sababu ya kaa.

Kaa wa matopeni huchimba mashimo kila mahala. Kwa siku za kawaida mashimo yale ndiyo mapafu ya kinamasi: maji yanaingia, hewa inaingia, uchafu unatoka. Mafuta yalipokuja na maji kujaa, yakateremka kwenye mashimo yale yale mpaka chini, ambako jua halifiki wala wimbi halifiki. Kaa wakafa. Hapakuwa tena na wa kuyafukua yale matope. Juu yake pakaota utando wa viini vya kijani-buluu, ukakauka, ukawa kama kifuniko cha chungu. Wachunguzi walipopita miaka ya 2002 na 2003, zaidi ya miaka 10 baadaye, waliyakuta mafuta chini bado majimaji ndani ya mashimo ya kaa waliokwishakufa. Mpiga picha apitaye kwa helikopta angesema pametulia. Mwenye koleo angesema mengine.

Na hapa ndipo maneno ya wavuvi wetu yanaposhinda maneno ya ripoti. Sisi tuna bamvua na tuna maji mafu. Mafuta yakifika wakati wa maji mafu, huishia chini ya ufuo na kila siku bahari huyarudia. Yakifika na bamvua, hupandishwa mpaka mwisho wa kinamasi, kisha maji yakipwa yanayaacha huko, na bahari haifiki tena mpaka bamvua jengine. Tani zile zile, pwani ile ile, hasara mbili tafauti kabisa, na kilichozitenganisha ni mwezi tu. Ripoti isiyotaja maji yalikuwaje siku ile imeacha nusu ya kisa.

Fidia nayo ilikuwaje? Umoja wa Mataifa uliunda Tume ya Fidia mwaka 1991, makao yake Geneva, na malipo yake ya mwisho yalitoka Januari 2022, jumla dola bilioni 52.4. Kwa upande wa mazingira, tukichanganya nchi zote na madhara ya kila aina, zilidaiwa dola bilioni 85 hivi, zikakubaliwa bilioni 5.3 hivi. Tusikimbilie kulaani. Tume ile ilifanya mambo mawili ya maana: ilikubali kwamba kiumbe kisichouzwa sokoni nacho kina haki ya kulipiwa, na mwaka 2001 iliidhinisha fedha za uchunguzi kabla ya kuamua madai makubwa. Lakini madai mengi yalipunguzwa au kukataliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mwenye kudai aliambiwa: thibitisha kwamba hichi kilikuwapo, na kwamba ni mafuta yaliyokiondoa. Wangapi wana daftari la kaa wa mwaka 1990?

Kosa la pili la hesabu ya mapipa ni kwamba haihesabu madhara ya msafishaji. Machi 1978 meli Amoco Cadiz ilipanda miamba ya Portsall, Ufaransa, ikamwaga tani 223,000. Kwenye kinamasi cha Ile Grande waliingiza mashine nzito, wakakwangua mafuta pamoja na udongo na mizizi. Kwa macho, kazi safi. Lakini kinamasi cha jirani, Cantel, ambacho hakikusafishwa, kilirudi ndani ya miaka 5 hivi, na Ile Grande ikachukua kama 7 au 8. Neno "kusafisha" linatudanganya, jamani. Kinamasi si sakafu ya sebuleni. Ukiondoa udongo umeondoa kimo chake, na kimo kikipungua maji yanasimama pasipostahili, na mmea hauoti. Kule Saudia somo lilikuwa hilo hilo kwa njia nyengine: kilichosaidia khasa ni kuichimbua upya mifereji ya maji ili bahari ipate kuingia na kutoka, kazi ifanywe na bahari yenyewe.

Tusitoke hapo tukasema basi muda utaponya kila kitu. Louisiana, baada ya 2010, pale mizizi ya majani ilipokufa ukingoni, ardhi yenyewe ilimeguka ikaenda na maji. Huko huwezi kusubiri miaka 8 wala 80. Kwa hivyo mtathmini anatakiwa aseme: hichi kitarudi, hichi kitarudi kikiachwa, na hichi kimekwenda. Kuvitia vyote kwenye tarakimu moja ni kukwepa kazi.

Tuje kwetu. Aprili 2005 meli ya mafuta Ratna Shalini ilitobokea bandarini Mombasa, ikamwaga tani 200 hivi. Mbele ya Amoco Cadiz hicho ni kikombe cha kahawa. Lakini mafuta yaliingia kwenye mikoko ya upande wa Port Reitz, na zaidi ya hekta 200 zilitajwa kuathirika. Sasa angalieni ugumu wake. Katika hori hilo hilo, upande wa Mwache, mikoko mingi ilikuwa imekwishakufa kwa mvua za El Niño za 1997 na 1998, pale mito ilipoteremsha udongo ukaifunika mizizi. Na huko Makupa, mafuta yalikwishamwagika mwaka 1988 na kuua mikoko. Mti mkavu ukiuona mwaka 2006, ni wa nani? Wa El Niño, wa mwaka 1988, wa meli ile, au wa mkata kuni? Wakili wa mwenye meli atauliza suali hilo, na ana haki ya kuuliza. Bila ya kumbukumbu ya kabla, mti ule unakuwa yatima.

Kuna na jambo la lugha, ambalo wengi humu ndilo shamba letu. Ripoti za kigeni huwa na neno moja tu kwa miti yote hii, na sisi tukizitafsiri tunaandika "mikoko" tukapita. Lakini mtu wa Pemba, Lamu au Rufiji hasemi hivyo. Ana mkoko, mkandaa, mchu, msinzi, mlilana, mkomafi. Hilo si pambo la kamusi. Mchu hupumua kwa vijiti vinavyochomoza matopeni kama vidole. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama magoti. Mafuta ya kimo cha shibiri moja yanaweza kuvifunika vidole vyote vya mchu, na mkoko wa pembeni yake ukabaki na sehemu kubwa ya magoti juu. Anayeandika "mikoko imeathirika" amefuta elimu ambayo babu zetu walikuwa nayo, waliokuwa wakizipakia boriti majahazini kuja kuezekea nyumba za Muscat hizi hizi.

Na hapa tulipo? Mimi nakaa Rusayl, kwenye viwanda na malori, lakini Qurm si mbali. Jina lenyewe kwa Kiarabu ni mikoko. Hifadhi ile ni ya tangu 1975, imo katika orodha ya Ramsar tangu 2013, na mti wake ni mmoja tu, mchu. Jirani yake ni Mina al Fahal, ambako Oman imekuwa ikipakia mafuta ya kuuza nje tangu 1967. Mchu na meli za mafuta zinaishi ukuta kwa ukuta. Juni 2007 kimbunga Gonu kiliileta wadi nzima mpaka baharini na kuifurikisha Qurm. Tuseme siku moja, Mungu apishie mbali, bomba la chini ya bahari lipasuke pale. Je, itaweza kutenganishwa kazi ya Gonu na kazi ya bomba? Itaweza, ikiwa tu kuna anayepima mwaka baada ya mwaka, hata wakati hakuna msiba.

Najua watanijibu wanasheria: mahakama inataka tarakimu, na ukimletea jaji kaa na bamvua atakufukuza. Siipingi tarakimu. Naipinga tarakimu isiyokwenda shambani. Hesabuni mashimo ya kaa walio hai kwa kila mita ya mraba. Pimeni mafuta yamefika kina gani. Andikeni mafuta yalifika na maji gani. Muulizeni mwanamke anayeokota kombe alikuwa akijaza ndoo ngapi kwa kupwa kumoja, na sasa ngapi. Hizo nazo ni tarakimu, na zinamhusu mtu aliyeathirika kuliko mapipa ya mwenye meli.

Haya si maneno ya zamani wala ya mbali. Bomba la kutoka Hoima, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, Tanga. Sizungumzii hapa kama lilistahili kujengwa au la. Hilo lina baraza lake. Nasema kwamba pana mikoko, pana kaa, pana wanawake wanaoingia matopeni maji yakipwa, na siku ya msiba watakaoulizwa "kulikuwaje kabla?" ni wao. Wakijibu kwa mdomo tu, yatawapata ya Ghuba.

Kwa hivyo wenye picha za zamani za hori za Tanga, Pemba, Lamu na Rufiji, wenye tasnifu zilizolala masandukuni London na Bergen, wenye wazee wanaokumbuka wapi palikuwa na mchu na wapi na mkandaa: vitoeni. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo Zanzibar, skuli zipo, wavuvi wapo. Andikeni tarehe, mahala na jina la mti. Kumbukumbu ya kabla haiandikwi baada.

Wasalaam,
Rusayl, Muscat