Taarifa, Kumbukumbu na Muhtasari: Uhakiki wa Istilahi za Uwazi Serikalini

Mwaka 2016 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Mwaka 2021 sheria nyingine ikaweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Kwa hatua hizo mbili, maneno ambayo zamani yalikuwa ya tafsiri tu yanaelekea kuwa na nguvu ya kisheria, na kwa hiyo yatupasa kuyapima upya. Katika makala haya tunahakiki istilahi chache zinazohusu vikao vya serikali na maandishi yake. Hoja yetu ni moja: baadhi ya istilahi hizi hutaja kile ambacho ofisa humpa mwananchi, ilhali haki inayokusudiwa ni ya mwananchi kukiona kitu chenyewe.

Tuanze na neno *taarifa*. Katika ofisi zetu neno hili lina kazi nyingi. Ni tangazo, kama katika "taarifa kwa umma". Ni ripoti, kama katika "taarifa ya utekelezaji". Na ndani ya Bunge mbunge husimama kumpa msemaji "taarifa". Sheria ya 2016 imelipa maana pana zaidi: ni kila kitu kinachoeleza mambo ya hakika juu ya uendeshaji na maamuzi ya chombo husika, kwa umbo lolote lile. Maana hiyo ni njema, lakini msomaji wa kawaida haioni ndani ya neno. Mwananchi aombaye "taarifa ya mapato ya soko" yamkini atapewa kurasa mbili zilizoandikwa kwa ajili yake, na ofisa, kwa nia safi kabisa, ataona ametimiza wajibu wake. Vitabu vya stakabadhi vitabaki kabatini. Hapana aliyedanganya, neno limewaruhusu wote wawili kuelewa mambo tofauti.

Inafaa kukumbuka kwamba Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 hutumia maneno mawili. Inapozungumzia haki ya kutafuta, kupokea na kutoa, husema *habari*. Inapozungumzia haki ya kupewa, husema *taarifa*. Habari hutafutwa na mwenye kuitaka. Taarifa hungojewa kwa mwenye kuitoa. Hatupendekezi kubadili jina la sheria, kwani limekwisha kuzoeleka. Tunapendekeza kwamba fomu, miongozo na tafsiri zisiishie kwenye *taarifa*, bali zitaje kitu kinachoombwa. Njia imekwisha kuonyeshwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002: *kumbukumbu* ni maandishi ya kazi yenyewe, yawe kwenye jalada au kwenye mashine. Aombaye kumbukumbu hawezi kupewa maelezo juu ya kumbukumbu.

Neno la pili, nalo ndilo lenye madhara zaidi, ni *muhtasari*. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kitu kilichofupishwa. Walimu hulitumia kwa mpango wa masomo. Makatibu wa vikao hulitumia kwa maandishi rasmi ya kikao, nasi sote tumezoea ajenda ya "kuthibitisha muhtasari" na ile ya "yatokanayo". Watetezi wa neno hili watasema kwamba maandishi ya kikao aghalabu ni mafupi, hivyo neno halikosei. Ni kweli. Lakini tatizo si urefu. *Muhtasari* halitenganishi maandishi yaliyosomwa, kuthibitishwa na kutiwa saini na kifupisho kilichobandikwa ubaoni.

Tofauti hiyo si ya wanalugha peke yao. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwanakijiji adaiye kwamba mkutano haukuridhia, anahitaji maandishi yaliyothibitishwa pamoja na orodha ya waliohudhuria. Akiambiwa "muhtasari huu hapa", hana neno la kudaia zaidi ya hapo. Tunapendekeza *kumbukumbu za kikao* kwa maandishi yaliyothibitishwa, na *muhtasari* libaki kwa kifupisho. Bunge kwa upande wake limekwisha kuwa na *majadiliano* kwa maandishi yanayotoa maneno ya wasemaji kwa ukamilifu.

Tatu, kuna mikutano yenyewe. Baadhi ya wafasiri, wakikuta mkutano ambao watu wote huruhusiwa kuingia, huandika *mkutano wa hadhara*. Hapo wanakosea. Mkutano wa hadhara ni ule wa uwanjani, ambapo kiongozi huhutubia. Ndiyo maana katazo la mikutano ya vyama vya siasa lililotangazwa mwaka 2016 na kuondolewa Januari 2023 lilitajwa kwa jina hilo. Katika mkutano mkuu wa kijiji, kila mkazi mtu mzima ni mwenye kauli. Katika kikao cha Baraza la Madiwani, mwananchi ni msikilizaji tu, naye hapigi kura. Hizi ni haki tatu mbalimbali, nazo hazifai kuvishwa jina moja. Kwa ile ya tatu tunapendekeza *kikao cha wazi*, na kinyume chake *kikao cha faragha*.

Juu ya *uwazi* hatuna mengi ya kusema. Neno limekomaa tangu Rais Benjamin Mkapa, aliyeongoza kutoka 1995 hadi 2005, alipolifanya sehemu ya kaulimbiu yake ya ukweli na uwazi. Ila neno zuri la jumla halitoshi pale ambapo maneno ya kazi ni legelege. Uwazi hupimwa kwa jalada linalofunguliwa na mlango wa kikao usiofungwa, na vitu hivyo vinahitaji majina yasiyoyumba.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni yao, hasa mifano ya barua na fomu ambazo maneno haya yamemkwamisha mwombaji. Istilahi husanifiwa mezani, lakini husadikishwa dirishani kwa karani.