Kumsifu Fundi wa Migresheni

Wapo mafundi ambao kazi yao ikifanyika vizuri haijulikani kama ilifanyika. Wateja wanaingia kwenye tovuti asubuhi, wanaagiza, wanalipa, na hakuna anayeshtuka kwamba usiku jedwali zima lilibadilishwa muundo. Miongoni mwao namtukuza yule anayeitwa pale migresheni, yaani badiliko la muundo wa hifadhidata, inapokwama.

Nitamtazama akiwa ndani ya Django, mfumo wa kuundia tovuti uliozaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Mwanzoni amri yake ya syncdb iliunda majedwali mapya tu. Yaliyokwisha kuwepo haikuyagusa, na aliyetaka kuongeza safu aliandika amri za SQL kwa mkono wake. Andrew Godwin alitengeneza zana iitwayo South kuziba pengo hilo, kisha mwaka 2013 akachangiwa fedha kupitia Kickstarter ili aijenge kazi hiyo ndani ya Django yenyewe. Ikatoka na toleo la 1.7, Septemba 2014.

Tangu hapo kila tatizo la migresheni ni kesi ya mashahidi watatu. Modeli zinaeleza data inavyotakiwa iwe. Faili za migresheni zinasimulia hatua za kufika huko. Hifadhidata ina majedwali halisi, pamoja na jedwali dogo liitwalo django_migrations, linalotunza jina la kila migresheni iliyokwisha kupita na wakati ilipopita. Mashahidi wakipingana, mambo hukwama, na ujumbe wa kosa, tuseme kwamba safu fulani ipo tayari, hutaja pale ugomvi ulipoonekana. Ulipoanzia, fundi atapatafuta mwenyewe.

Hapo ndipo pupa huponza. Mwanagenzi hufuta folda ya migresheni aanze upya, au huandika --fake, inayosajili kwamba migresheni imepita bila kugusa jedwali lolote. Amri hiyo ina mahali pake: safu ikiwa imeshaongezwa kwa mkono, kinachokosekana ni kumbukumbu tu. Ila akiitumia kunyamazisha kosa, amemfundisha shahidi uongo, na atakayeulipia ni mwenzake, miezi kadhaa baadaye.

Fundi hasa huuliza kwanza. Kwa showmigrations anaona kipi kimesajiliwa. Kwa sqlmigrate anasoma SQL itakayotumwa. Kisha anafungua jedwali lenyewe alitazame. Anaijua pia tabia ya hifadhidata aliyo nayo. PostgreSQL, migresheni ikianguka katikati, kwa kawaida hurudisha yote nyuma. MySQL haifanyi hivyo kwa mabadiliko ya muundo: migresheni ya hatua tano ikianguka kwenye ya nne, tatu za mwanzo zimeshafanyika, na hakuna hata moja iliyosajiliwa. Anayerudia amri bila kuangalia kwa kawaida atakwama kwenye hatua ya kwanza, aamini tatizo limehama.

Yapo pia yasiyomalizwa na amri. Watu wawili wakiandika migresheni kutoka shina moja, --merge itaunganisha matawi. Haitajua kwamba mmoja amefuta safu ambayo mwingine alikuwa akiitegemea. Hilo linataka watu wakae wazungumze. Na amri ya makemigrations inapouliza kama safu imebadilishwa jina, jibu la haraka la hapana linaandika migresheni ya kuifuta ya zamani na kuunda mpya, tupu. Ikipitishwa hivyo, data imekwenda.

Haya yote hufanyika tovuti ikiwa imelala na bosi akipiga simu kila mara. Kusoma kwanza wakati huo huonekana kama uzembe, nako ndiko kunakookoa data za watu. Ndiyo maana sifa ninayompa kwanza ni ujasiri: anavumilia kulaumiwa kwa kuchelewa kuliko kuacha nyuma yake rekodi isiyoaminika. Mwenzake atakayeendesha amri ya migrate baadaye huenda asijue jina lake, lakini anaitumia kazi yake kila anapoamini kwamba kilichosajiliwa ndicho kilichofanyika.