Arduino Projects Book: kitabu kizuri, ila zile volti 5 zipimwe

Ukitaka kuanza kuchezea bodi za Arduino ukiwa Mungaa, ambako bando linaweza kukatikia katikati ya video, kitabu cha karatasi bado kina faida yake. Ndiyo maana leo tunakipitia Arduino Projects Book, kilichoandikwa na Scott Fitzgerald na Michael Shiloh mwaka 2012. Kinakuja ndani ya boksi la vifaa vya kuanzia na kina miradi 15.

Tuanze na sifa zake. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 Ivrea, Italia, katika chuo cha usanifu, kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuwa mainjinia, na kitabu hiki hakijasahau asili hiyo. Mradi wa kwanza hauna programu hata mstari mmoja: bodi inatoa umeme tu, wewe unaunganisha swichi, rezista na taa ya LED hadi uelewe umeme unapita wapi. Vitabu vingi vingekutupa moja kwa moja kwenye kompyuta. Hapa mkono unajifunza kwanza, ndipo msimbo unafuata.

Mradi wa tatu, Love-o-Meter, ndio tunaotaka kuuchambua. Ni mchezo: unashika sensa ya joto aina ya TMP36, na kadiri vidole vyako vinavyoipasha joto, taa tatu zinawaka moja baada ya nyingine, eti kuonyesha una mapenzi kiasi gani. Vijana wataupenda, hilo halina ubishi.

Msimbo wake una namba mbili za kuangalia. Ya kwanza ni 20, joto la chumba. Kwa mchana wa Oktoba huku kwetu namba hiyo ni ndogo, maana hewa ikifika nyuzi 26 tu, taa zote tatu zinawaka kabla hujagusa kitu. Waandishi wamelifikiria hilo: wanakuambia usome joto la chumba chako, kisha ubadilishe namba. Safi.

Namba ya pili ni 5.0, volti zinazolisha bodi. Hiyo mradi unaiacha ipite bila kuihoji, na hapo ndipo tunapogombana na kitabu.

Sensa hii inatoa milivolti 500 kwenye nyuzi 0, halafu inaongeza 10 kwa kila nyuzi moja. Bodi yenyewe haijui volti. Inalinganisha tu umeme wa sensa na umeme inaolishwa, kisha inatoa namba kati ya 0 na 1023. Sasa chukua pawabenki iliyochajiwa kwa sola, ongeza waya mrefu na mwembamba, na tuseme bodi inapata volti 4.7 badala ya 5. Hewa ya nyuzi 25 itasomwa karibu 30! Sensa ni nzima na msimbo hauna kosa la herufi, ila hesabu imeanza na namba isiyo ya kweli.

Kwenye mchezo wa mapenzi hutaona tatizo. Kosa lipo kabla ya kushika sensa na baada ya kushika, kwa hiyo karibu lote linajifuta. Lakini nani ataishia kwenye mchezo? Singida ni mkoa wa kuku wa kienyeji. Mtu akishajua kupima joto, wazo linalofuata ni bruda ya vifaranga.

Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 hivi. Kwa umeme uleule wa volti 4.7, kompyuta ikikuandikia 33, ndani ya bruda kuna 28. Wewe umeridhika, unakwenda kulala, na vifaranga wanarundikana kutafuta joto hadi wa chini wanakosa pumzi. Mama mfugaji ambaye hajawahi kuona Arduino angewatazama tu walivyojikusanya na kujua wanasikia baridi.

Dawa ni rahisi. Pima kwa multimita kati ya pini ya 5V na GND, mradi ukiwa umewaka kabisa, kisha andika namba uliyoipata mahali pa 5.0. Ukibadilisha chaja au waya, pima tena. Halafu weka kipimajoto cha kawaida pembeni ya sensa, maana hata sensa yenyewe inaweza kupishana na ukweli kwa nyuzi moja au mbili. Kurasa mbili tu za mazoezi haya zingekifanya kitabu kuwa bora zaidi.

Je, tunakipendekeza? Ndiyo, hasa kwa klabu za sayansi mashuleni, kwa sababu kinaweza kupita mikono mingi bila bando. Ila ukimaliza mradi wa tatu, usikimbilie wa nne. Tafuta multimita kwanza, hata ya kuazima kwa fundi redio. Na siku utakapofunga sensa kwenye bruda, soma namba, kisha watazame vifaranga. Wakikubishia, waamini wao.