Karani na Jarida: Maisha ya Waandishi wa La Voix du Congolais na Hukumu ya Wahakiki

Kwa muda mrefu imekuwa desturi katika mafunzo yetu ya fasihi kulitaja jarida la La Voix du Congolais kwa haraka, kana kwamba ni kizingiti tu cha kuvukwa kabla ya kuingia nyumbani. Husemwa kwamba lilikuwa jarida la serikali ya kikoloni; kwamba waandishi wake walikuwa makarani waliotamani kufanana na mabwana zao; na kwamba fasihi yenyewe ilianza baadaye, ukoloni ulipokwisha. Makala haya yanapinga nusu ya hukumu hiyo. Nusu iliyobaki ni kweli, nasi hatukusudii kuificha.

Jarida lilianza kutolewa Léopoldville mwaka 1945, chini ya idara ya habari ya Serikali Kuu ya koloni, likakoma mwaka 1959, miezi michache kabla ya uhuru. Mhariri wake alikuwa Antoine-Roger Bolamba, mzaliwa wa Boma. Lilijitangaza kuwa kazi ya Wakongo kwa ajili ya Wakongo, na kwa upande wa majina yaliyotiwa chini ya makala dai hilo lilikuwa sahihi. Lakini karatasi, mtambo wa kupigia chapa na mshahara wa mhariri vilitoka kwa Bula Matari. Mtu yeyote anayetaka kuzihakiki kurasa zile bila kuanzia hapo atahakiki kivuli.

Je, waliokuwa wakiandika ni watu gani? Chuo kikuu cha Lovanium kilifungua milango yake mwaka 1954 tu. Kabla ya hapo, Mkongo aliyetaka elimu ya juu alikuwa na njia moja kubwa, nayo ni seminari. Walioishia njiani, pamoja na wale waliotoka shule za misioni, waliajiriwa katika ofisi: posta, hospitali, reli, makampuni. Hao ndio waliojaza kurasa za jarida. Patrice Lumumba mwenyewe, alipokuwa karani wa posta huko Stanleyville, ambayo ni Kisangani ya leo, alikuwa miongoni mwa waliopeleka makala.

Karani si mwandishi wa bahati mbaya aliyekosa kazi nzuri zaidi. Ukarani ulimpa lugha ya Kifaransa, ulimpa mashine ya kuandikia, ulimpa pia mazoea ya kupanga hoja kama mtu anayemwandikia mkubwa wake barua. Soma makala ya jarida lile kwa makini, utasikia mara kwa mara mwendo huo wa barua ya ofisini: salamu za heshima kwanza, kisha shukrani, kisha ombi, na mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, lalamiko. Wengi wetu tumeiona staili hiyo kuwa unyenyekevu wa roho. Mimi naona ni ujuzi wa kazi. Mtu aliyejua jinsi faili linavyosomwa alijua pia mahali pa kuliweka neno ili lipite.

Jambo la faili lastahili kukaziwa. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya sifa ya uraia kwa wale iliowahesabu kuwa wameendelea, na mwaka 1952 ikafuata sheria ya kuandikishwa iliyowaweka wachache karibu na hali ya Mzungu mbele ya sheria. Kupata hadhi hizo kulihitaji uchunguzi wa mwenendo. Kwa hiyo makala iliyochapwa haikuwa maandishi tu. Iliweza kuwa ushahidi, wa kumsaidia mwandishi au wa kumwangamiza. Mwajiri, mchapishaji na mchunguzi walikuwa mtu mmoja mwenye kofia tatu. Sijui ni mshairi gani wa Ulaya, kati ya wale tunaowafundisha kwa heshima kubwa, aliyeandika katika hali hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Paul Lomami Tchibamba. Alizaliwa Brazzaville mwaka 1914, akakulia Léopoldville, akapelekwa seminari ya Mbata-Kiela huko Mayombe, akaiacha kwa sababu ya maradhi ya masikio yaliyomharibia usikivu. Alifanya kazi katika gazeti la Kikatoliki La Croix du Congo, kisha akawa karani. Mwaka 1945, katika toleo la pili tu la La Voix du Congolais, alichapisha makala yaliyouliza nafasi ya Wakongo itakuwa ipi katika ulimwengu wa kesho. Vita vilikuwa vinamalizika. Askari wa Kongo walikuwa wamepigana hata Uhabeshi, na shaba na mpira wa nchi hii vilikuwa vimekwenda kuwasaidia washirika. Swali lilikuwa la haki. Wakubwa waliliona kuwa uasi. Mwandishi aliitwa na kuhojiwa na, kama alivyosimulia baadaye, alichapwa kiboko.

Hapa ndipo nusu ya kweli ya hukumu inapotakiwa kusemwa. Lomami hakuwa akidai uhuru wa taifa. Alikuwa akiitetea zaidi jamii yake ya waliosoma, watu waliotengwa na kijiji bila kupokelewa na mji wa Wazungu. Anayetafuta katika makala yale sauti ya mchimba shaba wa Katanga au ya mkulima aliyelazimishwa kulima pamba hataipata. Na hata hivyo alichapwa. Yatosha kuonyesha jinsi mipaka ya jarida ilivyokuwa myembamba: dai la wachache, lililoandikwa kwa adabu, katika jarida la serikali yenyewe, lilistahili fimbo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, mtu huyohuyo alipata tuzo ya fasihi katika maonyesho ya kikoloni ya Brussels kwa kisa chake Ngando, kilichochapwa hukohuko Ubelgiji. Ni kisa cha mtoto mtoro wa shule anayenyakuliwa na mamba mtoni, na cha baba yake anayefunga safari ya kumkomboa kutoka katika milki ya mizimu na wachawi. Mwisho wake ni maangamizi. Wahakiki wengi wamesema kwamba baada ya kiboko mwandishi alikimbilia katika hadithi za mababu, mahali pasipo na hatari. Maelezo hayo yana mvuto, lakini hayatoshi. Swali la mwaka 1945 lilikuwa: mahali petu ni wapi? Katika Ngando mtoto hayuko shuleni wala hayuko nyumbani. Yuko ukingoni mwa mto, na hapo ndipo anapochukuliwa. Baba anazo nguvu za zamani, anazo pia juhudi zake mwenyewe, navyo vyote haviwezi kumrudisha. Ikiwa huku ni kukimbia swali, basi mwandishi amekimbia nalo mgongoni.

Kuna kasoro, tena kubwa. Lugha ya Ngando ni nzito, imejaa Kifaransa cha seminari, na mara nyingi masimulizi husimama ili mwandishi amfafanulie msomaji imani za watu kuhusu uchawi na roho za waliokufa. Msimulizi wa kwetu, akiwa mbele ya wasikilizaji wake, hana haja ya kueleza hayo. Lakini tukumbuke kisa kiliandikwa kwa ajili ya nani. Kilikwenda mbele ya waamuzi wa Brussels. Ufafanuzi ule ni alama ya njia iliyopitiwa na kitabu hadi kuchapwa, kama muhuri wa posta unavyobaki juu ya bahasha. Mhakiki anayeilaumu kasoro bila kuutaja muhuri anamdai mwandishi deni la mchapishaji.

Mwaka 1950 Lomami alivuka mto akaenda Brazzaville, na huko akaongoza jarida la Liaison, chombo cha vilabu vya utamaduni vya Afrika ya Ikweta ya Kifaransa. Msomaji asidhani kwamba alitoka utumwani akaingia uhuruni. Liaison nalo lilitegemea utawala. Tofauti ilikuwa katika nafasi ya kupumua: upande ule, tangu kumalizika kwa vita, Waafrika walikuwa na wajumbe wao katika mabunge ya Paris, na Jean Malonga, mmoja wa waandishi waliozoeleka katika kurasa zile, alikuwa seneta. Sylvain Bemba, ambaye jina lake lilikuja kuwa kubwa katika tamthilia na riwaya, alijifunza kazi humo. Hivyo jarida dogo lililofadhiliwa na ukoloni lililea kizazi kizima cha waandishi, na mlezi wake alikuwa mkimbizi kutoka ng'ambo ya pili. Ni moja ya sura nzuri za historia ya fasihi ya Kongo mbili, na husimuliwa kwa nadra mno.

Bolamba hakuvuka mto. Alibaki kwenye kiti cha mhariri, yaani yeye aliyepokea makala za wenzake ndiye pia aliyejibu kwa wakubwa. Ni nafasi isiyopendeza, na sioni sababu ya kuipamba. Lakini tazama vitabu vyake viwili vya mashairi kwa kufuata mahali vilipochapwa. Cha kwanza, Premiers essais, kilitolewa hapa Elisabethville mwaka 1947 na matbaa ya gazeti la L'Essor du Congo, gazeti la walowezi. Ni mashairi ya mwanafunzi mwema: mizani iliyopimwa, taswira za kuazima. Cha pili, Esanzo, kilitolewa Paris mwaka 1955 na Présence Africaine, kikiwa na dibaji ya Senghor. Humo mizani imefunguliwa, ngoma na mto vimeingia, na baadhi ya mashairi yamechapwa kwa Kimongo. Kwa kawaida tofauti hiyo huelezwa kama kukua kwa mshairi, kana kwamba miaka minane ilitosha peke yake. Sikatai kwamba alikua. Ila nauliza: kama angeyapeleka mashairi ya Kimongo kwa matbaa ya walowezi mwaka 1947, nani angeyapokea? Kipaji kilihitaji mlango, na mlango ulikuwa Paris. Mwaka 1960 aliingia katika serikali ya Lumumba akiwa katibu wa nchi wa habari na utamaduni. Karani wawili wa jarida lilelile walikutana kwenye meza nyingine kabisa.

Sisi tunaoshughulika na Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kuyatazama haya. Mashariki ya Ziwa Tanganyika, jarida la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na idara ya elimu ya serikali ya Kiingereza. Nalo lilikuwa la serikali. Nalo liliandikwa na makarani na walimu. Shaaban Robert, aliyechapisha mashairi yake humo, alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, na baadaye mtumishi wa idara nyingine za serikali. Hali ya maisha ni ileile, mwajiri ni wa aina ileile. Kilichotofautiana ni lugha. Mshairi wa Mambo Leo alisomwa na watu waliozijua vina na mizani kabla ya kuja kwa mtambo wa chapa, nao waliweza kumjibu kwa shairi. Mwandishi wa La Voix du Congolais alikuwa na wasomaji wachache kati ya ndugu zake, na juu yake msomaji mmoja mwenye nguvu. Mama yake mzazi hakuweza kumsoma.

Kwa nini basi Kiswahili cha Kongo hakikupata jarida la fasihi la namna hiyo? Katika Katanga, Kivu, Maniema na Kisangani lugha ilikuwepo, na wenye kuiandika walikuwepo. Ila kilitengewa kazi: katekisimu, shule ya chini, maagizo ya kazini. Yule Padre Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa Wakongo kuchapisha maandishi yake kwa Kifaransa, mnamo 1910 na 1911, alitoka katika misioni za kandokando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku. Alipotaka kusomwa na ulimwengu wa wasomi, jarida lililompokea lilikuwa la Brussels. Fasihi iliyoandikwa kwa Kiswahili chetu ilibaki nje ya majarida, katika barua, daftari na karatasi zilizopigwa kwa mashine na kupitishwa mkono kwa mkono.

Nayo haikufa. Mwaka 1965 André Yav, pamoja na wenzake waliokuwa watumishi wa nyumbani mwa Wazungu, alikusanya na kupiga kwa mashine historia ya mji wa Elisabethville, kwa Kiswahili cha mji huo jinsi kilivyosemwa, bila kukiombea radhi mbele ya Kiswahili sanifu. Johannes Fabian aliichapa mwaka 1990, na tangu hapo imesomwa katika vyuo vya mbali kuliko ilivyosomwa katika madarasa yetu. Hapa hapakuwa na mhariri wa serikali, wala waamuzi wa Brussels, wala dibaji ya mtu mashuhuri. Hakuna ufafanuzi kwa mgeni. Mwandishi anamsimulia mtu aliyekuwapo. Mwanafunzi atakayeiweka kando ya Ngando ataona mara moja jinsi sentensi inavyobadilika pale mwandishi anapojua kwamba anayemsoma ni jirani yake. Ataona pia kwamba jalada limeandikwa kwa Kifaransa, na kwamba kitabu kinaitwa msamiati, ingawa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ni historia.