Shingo ya Dalia

Machi, alizeti zikichanua mashambani Iramba, nduguye alizeti naye huchanua nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, Kiomboi. Ni dalia, ua la jamii ileile, asili yake nyanda za juu za Meksiko. Ila alizeti hutoa mbegu ikafa. Dalia hukauka juu tu, viazi vyake vikabaki hai chini.

Wakulima wa Ulaya huving'oa viazi hivyo visiuawe na baridi. Shangazi huving'oa Juni, mchwa wasimtangulie. Huvifukia chunguni, kwenye mchanga mkavu wenye majivu, vikalala kiangazi chote.

Siku ya kuvigawa, karibu na mvua za kwanza, sipendi kuikosa. Kiazi kitamu huchipua popote mwilini. Cha dalia hakifanyi hivyo: jicho lake liko shingoni, kinaposhikana na shina la mwaka uliopita. Kikikatwa bila kipande cha shingo, kiwe kinono namna gani, hakitoi hata jani. Nilipanda vya namna hiyo saba, nikavimwagilia kwa huruma hadi vikaoza. Shangazi hagusi kisu kwanza. Hukigeuza kiazi juani, hupitisha kidole gumba shingoni taratibu, akitafuta kinundu kidogo kama punje ya ulezi. Asipokipata, hurudisha tita zima mchangani.

“Bado limelala, mwanangu. Wiki ijayo.”

Wakati wa kupanda, mti wa kuegemeza huchomekwa kabla ya kiazi, usije ukakitoboa. Maji hayamwagwi mpaka chipukizi litokeze. Likifikisha jozi nne za majani, shangazi hulikata kilele. Mwaka wa kwanza niliona ni ukatili. Baadaye nikahesabu matawi.

Kuvuna ndiko kunakoonyesha jicho la shangazi mwenyewe. Tumba la dalia likikatwa mapema halifunguki chomboni kama la waridi, basi husubiri ua lifunguke karibu lote, kisha huliinamia na kutazama mgongo wake. Petali za nyuma zikiwa bado zimekaza, hukata. Zikilegea, huwaachia nyuki. Tena hukata shina refu, pamoja na vitumba vya pembeni ambavyo mimi ningevionea uchungu, kwa kuwa mashina yajayo yatachipukia chini na kurefuka.

Jumamosi alfajiri, umande haujakauka, hupita mstari kwa mstari na ndoo ya maji mkononi. Kila shina huzama kwenye maji kabla hajagusa linalofuata. Jumapili, maua huwa madhabahuni.