Hadithi Tuliyoikatia Njiani

Katika hadithi zote za michezo ambazo walimu wetu wamezisimulia madarasani, sidhani kama ipo iliyosimuliwa mara nyingi kuliko ile ya John Stephen Akhwari wa Mbulu. Msomaji anaijua. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, kijana huyu wa Tanzania alianguka njiani katika mbio za marathoni, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akainuka na kuendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Jua lilikuwa limekwisha kutua, na watazamaji wengi walikuwa wamekwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili aanze mbio, bali ilimtuma azimalize.

Ni hadithi nzuri, na dunia nzima imeipenda. Bud Greenspan, Mmarekani aliyetumia maisha yake kutengeneza filamu za Olimpiki, ni miongoni mwa walioieneza sana. Mwaka 1983 Akhwari alitunukiwa nishani na taifa lake, na mwaka 2000 alialikwa Sydney kama mgeni wa heshima. Yote hayo aliyastahili, wala sina nia ya kumpunguzia mzee wetu heshima hata chembe. Ninaowakosoa hapa ni wasimulizi. Naam, nasema hadithi hii tumeisimulia vibaya, na ubaya wenyewe umetugharimu.

Tazama kwanza inapoanzia. Inaanza na kuanguka. Kabla ya goti kuumia, mtu huyu hayupo. Hatuambiwi alikuwa mkimbiaji wa namna gani, alifanya mazoezi gani, wala alitarajia nini asubuhi ile. Anatokea mbele yetu akiwa tayari na bandeji, kana kwamba alizaliwa nayo. Hata mji wenyewe wa Mexico hautajwi ila kwa jina, ingawa uko kwenye mwinuko wa mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na misuli ya mkimbiaji wa masafa marefu hupata taabu. Akhwari alikakamaa misuli kabla ya kuanguka, na alianguka katika msongamano wa wakimbiaji waliokuwa wakigombea nafasi. Neno hili la mwisho ndilo la kuzingatiwa: aliumia akiwa anashindana. Hakwenda Mexico kuonyesha uvumilivu. Alikwenda kukimbia mbio.

Kisha tazama hesabu. Tunamwita mtu wa mwisho. Lakini walioanza mbio zile walikuwa 75, na waliomaliza ni 57. Wanariadha 18 waliachia njiani, na mmoja wao alikuwa Abebe Bikila, bingwa wa Olimpiki wa 1960 na 1964, ambaye hapana shaka alikuwa mkimbiaji mkubwa kuliko wote wa zama zake. Bikila alikuwa ameumia mguu, akajitoa kabla hata ya nusu ya njia. Je, Bikila alikuwa mwoga? Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema hivyo. Alijua mwili wake, akaamua. Akhwari naye alijua mwili wake, akaamua vingine. Hadithi yenye busara ingeweka watu hawa wawili pamoja na kumwacha msikilizaji afikiri. Hadithi yetu imemfuta Bikila kabisa, kwa sababu Bikila anaivuruga. Inataka tuamini kwamba anayeendelea akiwa na maumivu daima ni shujaa, na kwamba anayeacha daima ni dhaifu.

Nimeyaona matunda ya fundisho hilo kwa macho yangu. Katika mashindano ya shule za msingi, miaka mingi iliyopita, mvulana mmoja alikuwa akikimbia mizunguko ya mwisho huku kidonda cha kisiginoni kimefumuka na damu inatoka. Mwalimu wake alikuwa kando ya uwanja akipiga kelele: “Kumbuka Akhwari! Kumbuka Akhwari!” Mtoto akamaliza, akapigiwa makofi, akabebwa juujuu. Wiki zile zilizofuata hakuweza kuvaa kiatu. Nilimwuliza mwalimu yule ni nini alichokuwa akimfundisha mtoto. Akajibu, “Moyo wa ushujaa, Mwalimu Mkuu.” Alisema kweli kwa kadiri alivyofundishwa mwenyewe. Lakini goti la mtu mzima aliyejiamulia mbele ya dunia si sawa na kisigino cha mtoto wa miaka kumi na miwili anayeamuliwa na mwalimu wake.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, ni pale hadithi inapoishia. Kwa miaka mingi nilikuwa na kazi ya kukaa nyuma ya madarasa na kuwatazama wanachuo wetu wa ualimu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja, kijana hodari wa kusimulia, aliifikisha hadithi hii mwisho wake kwa ufundi mkubwa, hata darasa likanyamaza kimya. Ndipo msichana mmoja wa darasa la tano akanyoosha mkono na kuuliza: “Mwalimu, halafu ikawaje?” Kijana wetu akababaika. Akasema, “Halafu? Hadithi imekwisha.” Wala simlaumu, maana hata vitabu alivyovisoma vilikuwa vimeishia hapo hapo.

Swali la mtoto yule lina jibu, nalo ni jibu zuri kuliko hadithi yenyewe. Mwaka 1970, chini ya miaka miwili baada ya Mexico, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Edinburgh, Uskoti. Ron Hill wa Uingereza alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 28, muda ambao ni wachache sana duniani waliokuwa wameukaribia. Mtu wa tano kufika alikuwa John Stephen Akhwari wa Tanzania, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Tafadhali linganisha muda huo na ule wa Mamo Wolde alipochukua dhahabu ya Mexico. Najua kwamba njia mbili hazilingani, na hewa ya Edinburgh si ile ya Mexico. Hata hivyo, mtu aliyemaliza kwa saa 2 na dakika 15 alikuwa mmoja wa wakimbiaji hodari wa marathoni wa wakati wake.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hiyo ndiyo maana halisi ya maisha ya Akhwari michezoni. Aliumia, akatibiwa, akarudi kwenye mazoezi siku baada ya siku, pasipo kamera wala makofi, akajiweka tena miongoni mwa bora. Kule kuchechemea usiku kulikuwa kwa saa chache. Kurudi kulichukua miezi mingi. Nani anaijua Edinburgh? Nimewauliza walimu, wakuu wa shule, hata maofisa wa michezo, na aghalabu nimejibiwa kwa kutikiswa kichwa. Tumeihifadhi siku moja aliyoshindwa, tukaitupa ile aliyofanikiwa.

Kwa nini tumefanya hivyo? Nimelifikiria sana jambo hili, na jibu langu halitawafurahisha wote. Hadithi inayoishia Mexico ni rahisi kwetu sisi tunaosikiliza. Haitudai kitu. Mkimbiaji anaumia, sisi tunatokwa na machozi, kisha tunakwenda nyumbani tukiwa tumeridhika. Hadithi inayoendelea hadi Edinburgh ina madai: inauliza nani alimtibu, nani alimfundisha, alikimbilia viatu gani, na wenzake waliobaki vijijini walipewa nini.

Turudi kwenye jibu lake maarufu. Wasimulizi hata hawapatani juu ya umbali. Wengine husema alitaja maili 5,000, wengine 10,000, kama ilivyo kwa maneno yote yaliyopita midomo mingi. Lakini kiini chake hakibadiliki: nchi ilimtuma. Siku zote tumelisoma jibu hili kama kiapo cha mkimbiaji kwa nchi. Mimi nalisoma pia kama hati ya deni. Anayetumwa ana wajibu wa kufika, na anayetuma ana wajibu wa kumwezesha anayetumwa. Akhwari alilipa upande wake kwa goti lake. Upande wa pili wa hati hatupendi kuusoma.

Medali za Olimpiki za nchi yetu ni mbili tu, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Tangu hapo hadi Paris mwaka 2024 ilipita Michezo kumi na moja bila medali hata moja. Na kila tuliporudi mikono mitupu nimesikia watu wakijifariji kwamba cha muhimu ni kushiriki na kumaliza, kisha wakalitaja jina la Akhwari. Hapo ndipo hadithi nzuri inapogeuka kuwa blanketi la kufunikia uzembe. Jina la mtu aliyefanya kila aliloweza linatumika kuwatetea watu ambao hawakufanya waliloweza.

Wala si kwamba hatuna hadithi nyingine. Chukua ile ya Bayi mwenyewe. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, alikwenda mbele tangu mwanzo wa fainali ya mita 1,500 wala hakukubali kupitwa hadi mwisho. Akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3, sekunde 32.16. John Walker, aliyemfuata, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na bado akashindwa. Tunapenda kusema Bayi alikuwa na moyo. Alikuwa nao, lakini hasa alikuwa na hesabu. Mkimbiaji wa mbele hukata upepo peke yake na haoni wanaomfukuza. Asipoijua kasi yake kwa usahihi, atakwisha kabla ya mstari. Miaka sita baadaye huko Moscow, Bayi alikwenda mbele kwa namna ile ile, na Bronisław Malinowski wa Poland akamkuta na kumpita katika mzunguko wa mwisho. Kutangulia si kufika. Mbio mbili hizo, zikiwekwa pamoja, zingeweza kumfundisha kijana mengi juu ya kukadiria nguvu zake.

Au mchukue Juma Ikangaa. Alimaliza wa pili Boston mwaka 1988 kwa tofauti ya sekunde moja tu nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya, akawa wa pili tena 1989, na wa pili tena 1990. Kati ya hizo, mwaka 1989, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi 2001. Ni Ikangaa huyu anayekumbukwa ng'ambo kwa kusema kwamba nia ya kushinda si kitu pasipo nia ya kujiandaa. Wamarekani wameyaandika maneno hayo kwenye kuta za vyumba vyao vya mazoezi. Sisi nyumbani bado tunapigia kelele nia peke yake.

Na sasa tunayo ya Alphonce Simbu. Alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, akapata shaba ya ubingwa wa dunia London mwaka 2017, kisha akapitia miaka mingi ya kukimbia bila kutajwa sana. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, aliingia uwanjani akigombea dhahabu na Amanal Petros wa Ujerumani. Petros alikuwa mbele wakielekea mstarini. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyoamua: Simbu alikuwa ametangulia kwa mia tatu za sekunde, yaani sekunde 0.03. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika ubingwa wa dunia wa riadha. Nahofu kwamba hii nayo tutaikata, tukasimulia zile hatua chache za mwisho na kuuita muujiza, tukiiacha miaka minane iliyo kati ya London na Tokyo.

Nawaomba basi walimu wenzangu, hasa vijana wanaoanza kazi, wasiache kuisimulia hadithi ya Akhwari, ila waisimulie nzima. Waanze na mkimbiaji hodari anayegombea nafasi katika hewa nyepesi. Wamtaje Bikila aliyeacha, na waseme kwamba naye alikuwa na haki. Wafike uwanjani usiku, na wanyamaze kidogo, maana pale pana jambo la kunyamazia. Kisha waendelee hadi Edinburgh, wataje saa 2, dakika 15 na sekunde 5, na wawaache watoto waandike namba hiyo katika madaftari yao. Mtoto atakayeijua namba hiyo atajua kwamba ushujaa una kesho yake, na kwamba kesho hiyo hufanyiwa kazi.